Kiraka cha Nadiri

Kamera yangu huona pande zote isipokuwa pale inaposimama. Ina macho mawili, moja mbele na moja nyuma, yaliyovimba kama ya chura. Kila jicho huchukua nusu ya dunia, kisha programu ya kompyuta huzishona nusu hizo mbili zikawa tufe moja kamili, na mtazamaji akawa ndani yake. Ukivaa ile miwani mikubwa ambayo simu huchomekwa ndani, ukageuka kushoto, unaona kushoto kwa siku ile. Ukigeuka nyuma unawaona waliokuwa nyuma. Ukiinua kichwa unaona mbingu. Lakini ukiinama ukatazama katikati ya miguu yako unakuta stendi ya kamera, miguu mitatu ya chuma, na pengine kipara cha mpiga picha aliyejikunja hapo akidhani amejificha. Mahali hapo panaitwa nadiri.

Mimi ni mpiga picha wa mazishi, na sioni haya kusema hivyo. Kwetu Waluo, kuanzia Mbita hadi Awendo, harusi inaweza kupita bila kamera, lakini maiti haishuki kaburini bila picha. Familia huchapisha uso wa marehemu kwenye fulana, kwenye bango la barabarani, kwenye vijitabu vya ibada. Ndugu walio ng'ambo hulia kwenye simu wakitaka kuona jeneza kana kwamba wamesimama kando yake. Kwa ajili ya hao ndio nilinunua kamera ya macho mawili.

Kila fundi wa kazi hii huiziba nadiri kwa kiraka, maana ile miguu ya chuma inachukiza. Wanaopiga picha za hoteli kule Rusinga hubandika nembo ya hoteli. Madalali wa mashamba hubandika namba ya simu. Mimi nilikuwa nabandika uso wa marehemu, picha ya duara, anatabasamu, na maneno ya kumtakia pumziko yakiuzunguka ukingo. Wateja walipenda mno. Wazee waliovaa miwani waliinama, wakamwona mpendwa wao pale kwenye majani, wakatoa sauti ya huzuni iliyochanganyika na furaha. Niliipanga kompyuta yangu ibandike kiraka hicho yenyewe, kila video, bila kuniuliza.

Neno lenyewe nililisikia kwa mwenzangu mmoja wa Homa Bay mjini aliyenifundisha kazi. Yeye alisema nadiri maana yake ni shimo. Nikabishana naye, kwa sababu mimi nikiambiwa jambo bila ushahidi tumbo huniwaka, na nikaenda kutafuta. Ni neno la Kiarabu, la watazama nyota wa zamani. Walihitaji jina la nukta iliyo juu kabisa ya kichwa cha mtu, wakaiita samt ar-ras, njia ya kichwa. Wazungu walipolinakili waliziboronga herufi, na kutokana na kosa hilo ikazaliwa zeniti. Kisha wale Waarabu wakataka jina la nukta ya upande wa pili, iliyo chini ya nyayo, ng'ambo ya ardhi yote. Wangeweza kuiita chini. Wangeweza kuiita shimo kama rafiki yangu. Wao waliiita nadhir as-samt, ile inayokabiliana na samt. Nadhir ni mwenzi, aliye mkabala nawe, aliye upande wa pili sawasawa na ulivyo upande huu. Wazungu wakalikata nusu wakabaki na kipande cha kwanza, na siku hizi hulitumia hata kusema kwamba mtu ameporomoka hadi chini kabisa ya maisha. Nikampigia mwenzangu simu kumwambia kwamba si shimo, ni kitu kinachokukabili. Akaniuliza kama hiyo habari itatuongezea wateja.

Nilikuwa na elimu hiyo kichwani siku tulipokwenda kumzika shemeji yangu, na haikunisaidia kitu.

Dada yangu, niliyemfuata kwa kuzaliwa, aliolewa upande wa Awendo. Mumewe alikuwa dereva wa trekta la kubeba miwa. Siku moja asubuhi trela lilipinduka kwenye kona, miwa ikamfunika, na walipomtoa kifua kilikuwa kimebonyea. Hakufika hospitali. Kabla hata maiti haijaoshwa, kaka yake mkubwa akaanza kusema kwamba trela halipinduki bure. Akasema marehemu alitoka nyumbani akiwa amekunywa uji wa mkewe, na huo uji ulikuwa na dawa. Nataka niseme wazi jambo ambalo kila mtu pale alilijua: marehemu alikuwa na shamba lake la miwa, miwa ilikuwa imekomaa, na huyo kaka alishauza la kwake. Mjane akifukuzwa kwa jina la uchawi, shamba linarudi kwa ndugu. Sheria haisemi hivyo, lakini sheria haikai Awendo.

Dada alinipigia simu.

"Omera, ndugu yangu, njoo na ile kamera yako inayoona kila mahali," akasema. "Wakijua wanaonekana watashika adabu."

"Na wasiposhika?"

"Basi nitatoka kwenye ile nyumba nikiwa nimebebwa. Mimi sina dala nyingine."

Dala ni boma, ni kwenu. Mwanamke aliyeolewa huku hawezi kurudi kwa baba yake akajenga. Akifukuzwa kwa mumewe, hata akifa watu hugombana ni wapi pa kumchimbia. Ndiyo sababu sikuuliza zaidi. Nilifunga vifaa vyangu nikaenda.

Niliisimamisha kamera katikati ya uwanja wa boma, mahali palipotazama jeneza upande mmoja na mlango wa dada upande wa pili. Mchana ulikuwa wa jua kali. Wanaume wa ukoo walikuwa wameenda tero buru, yaani kukifukuza kifo. Huswaga ng'ombe mbio hadi mpakani mwa kijiji, wakiwa na mikuki na marungu na matawi ya miti, wakipiga filimbi, wakikidunga mkuki kifo kisichoonekana, kisha hurudi na ng'ombe wale kwa kishindo. Siku hizi huongeza pikipiki zilizotolewa sailensa ili zingurume. Ni kitu kizuri, mimi nakipenda. Mwanaume aliyefiwa na ndugu huenda akapigana na hewa mpaka jasho limtoke, na akirudi anaweza kulia.

Hao walirudi bila machozi. Fahali wa mbele, akiongozwa kwa kamba, alikuwa na povu mdomoni, vumbi limepanda, pikipiki zinazunguka jeneza, kina mama wa kanisa wamejibanza ukutani wakiimba kwa sauti inayotetemeka. Shemeji mkubwa, yule kaka yake marehemu, akashuka kwenye pikipiki na rungu lake. Badala ya kwenda kwenye jeneza akageukia nyumba ya dada yangu.

"Kifo tumekifukuza huko nje!" akapaza sauti. "Lakini aliyekiita yuko humu ndani!"

Waliingia wanne au watano. Godoro likatoka kupitia dirishani. Sufuria zikaruka, kabati la vyombo likasukumwa likaanguka kwa uso. Mmoja alitoka na nguo za dada amezikumbatia, akazimwaga kwenye kinyesi cha ng'ombe na kuzikanyaga. Dada alisimama mlangoni, hakupiga kelele. Alinyoosha mkono mmoja kuzuia mlango wake, tu, kama mtu anavyozuia kuku wasiingie jikoni. Shemeji mkubwa akaushusha ule mkono kwa rungu. Nilikuwa mbali, karibu na jeneza, na bado nilisikia mfupa ukivunjika.

Alikimbia. Nilidhani angekimbilia kwa mama mkwe wake aliyeketi kando ya jeneza. Mama yule hakuwa ameinua hata kidole tangu asubuhi, alikuwa anautazama ubao wa jeneza na miguu yake iliyovimba imewekwa juu ya kigoda. Nilidhani angekuja kwangu. Yeye alikimbilia kamera. Alijitupa chini ya stendi, akaikumbatia miguu ya chuma kwa mkono mzima, akajikunja pale. Aliamini alichoniambia kwenye simu. Aliamini hakuna atakayempiga mahali panapoonekana kuliko pote.

Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni. La pili kichwani. Kisha yakawa mengi, na yule mkubwa akaja na rungu akasimama juu yake akipiga, anainua na kushusha, anainua na kushusha, na kila pigo anataja jina la marehemu. Nilinyanyua kiti cha plastiki nikamvunjia mgongoni. Sisi tunafundishwa tangu utotoni kwamba shemeji hapigani kwa mashemeji. Nyumba uliyomwozea dada yako unaingia ukiwa umeinamisha kichwa. Siku hiyo nilisahau mafundisho yote. Nilimng'ata mtu sikio. Nilipigwa teke la mbavu, nikapigwa ngumi iliyoling'oa jino langu la mbele, nikameza damu na kuendelea kupiga, na ningeua kama ningepata cha kuulia. Nasema kweli. Nilitafuta mkuki kwa macho.

Tuliokolewa na fahali. Mawe mengine yalimpata, pikipiki zikamtia wazimu, akakata kamba na kupita katikati ya watu akitupa pembe huku na huku. Mwanaume mmoja alirushwa juu akaanguka kwa bega. Watu wakatawanyika, hema likaangukia viti, na ndani ya vumbi lile nilimshika dada kwapani nikamburuta hadi barabarani. Kamera aliiacha kwa shida. Ilibidi nimbandue vidole.

Tulikaa hospitali Migori. Mkono uliwekwa plasta, kichwa kikashonwa, jicho moja likafunga kwa uvimbe likawa kama nyanya iliyooza. Mumewe alizikwa jioni ileile bila yeye. Alisikia nyimbo za kaburini kwenye simu ya jirani aliyempigia kwa huruma, nusu ya wimbo, kisha simu ikakata.

Ndugu mdogo wa marehemu alikuwa ng'ambo, na alinipigia tena na tena akitaka video ya mazishi. Hakujua lililotokea, alikuwa ameambiwa kulikuwa na vurugu kidogo. Mtu mwema wa kanisa alikuwa ameniletea kamera yangu. Sikuwa na moyo wa kuitazama ile video. Niliitia kwenye kompyuta, nikaiacha ishone yenyewe kama kawaida, nikaituma, nikarudi kukaa na dada. Nilitaka tu wauone unyama wao, na huyo wa ng'ambo naye auone.

Akanipigia analia mpaka anakwama.

"Kwa nini wanampiga kaka mawe? Yawa, jamani, kwa nini wanampiga kaka?"

"Kaka gani?"

"Marehemu! Nimeinama nimemwona yuko chini, anacheka, na wao wanampiga mawe usoni! Kaka mkubwa anampiga rungu! Anamwita jina na kumpiga!"

Ndipo nikafungua video nikaitazama, na nikaona. Kompyuta ilikuwa imefanya kazi niliyoifundisha. Pale dada yangu alipojikunja palikuwa na kile kiraka cha duara, uso wa mumewe ukitabasamu, maneno ya pumziko yakiuzunguka. Yeye hakuwapo kabisa. Kulikuwa na watu wazima wenye macho mekundu, duara zima, wanarusha mawe kwenye uso wa ndugu yao aliyekufa, na kaka yake anainua rungu na kushusha, anainua na kushusha.

Mimi na dada hatukumsahihisha mtu. Yule wa ng'ambo alikuwa ameshaituma kwa ukoo mzima. Kila mwenye simu kule Awendo aliiona, na wengi wao hawakujua kiraka ni nini. Hata waliorusha mawe, waliojua walimlenga nani, walisema kamera imeona wasichokiona wao: kwamba marehemu alikuja kukaa mahali pa mkewe. Hata waliojua kwamba mimi huweka picha pale, walisema picha ni picha lakini rungu lilikuwa la kweli. Kumpiga maiti wa nyumba yenu kabla hajazikwa, mbele ya mama yake! Hapo mtu anaita chira, laana inayokondesha mwili na kumaliza watoto. Shemeji mkubwa akaacha kula. Mtoto wake akaumwa tumbo, tumbo la kawaida tu la mtoto, naye akalia kama mtu aliyesomewa hukumu. Walirudisha godoro la dada. Walifua zile nguo. Mlango walioung'oa aliupigilia yeye mwenyewe, mkubwa, kwa mikono yake, na dada aliporudi kutoka hospitali alikuta hata jiko limepangwa.

Ukoo ukakaa kikao kumwomba msamaha marehemu. Nilikuwapo. Walisimama kaburini mmoja mmoja wakasema, ndugu yetu tulikukosea, mikono yetu ilipotea, usitufuate. Dada yangu alipita nyuma yao mkono ukining'inia shingoni, akibeba birika la chai kwa ule mwingine. Akawamiminia wote. Hakuna hata mmoja aliyemwambia pole.

Nilirudi Mbita nikiwa na hasira iliyoninyima usingizi, ingawa kwa akili niliona tumeshinda. Nyumba ilikuwa yake. Shamba lilikuwa lake, hakuna aliyethubutu kukata hata muwa mmoja. Nilipomtembelea nikamwambia hivyo.

"Na mimi niko wapi kwenye hiyo picha?" akauliza.

Nikamweleza kuhusu nadiri na kiraka. Alisikiliza akimenya viazi kwa mkono mmoja, kiazi amekibana kwa magoti.

"Kitoe," akasema.

"Dada, hicho kiraka ndicho kinakulinda. Wakijua ni wewe tu uliyekuwa pale, woga utawaisha. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Omera, nani alivunjwa mkono?"

"Wewe."

"Marehemu alivunjwa nini?"

Akachukua kiazi kingine, akakibana.

"Hawa watu wananisalimia kila asubuhi," akasema. "Wananiuliza kama nimelala vizuri, halafu wanaangalia kule kaburini kuona kama amesikia. Mimi siishi hapa. Anayeishi hapa ni yeye. Siku woga ukiwatoka, na utawatoka, watanikuta niko palepale chini. Kitoe waone ni nani walikuwa wanapiga. Wakinifukuza, wanifukuze mimi."

Nilimwambia ni mpumbavu. Nilimwambia mengine ambayo siyaandiki. Kisha nikaenda nikakitoa, maana dada yangu akishaamua jambo ni bure kubishana naye.

Nilikifuta kiraka na kuitazama nadiri tupu kwa mara ya kwanza. Miguu ya stendi ilitandazika kama nyota, na kati yake alikuwa dada yangu, ameonekana kutoka juu. Kitambaa chekundu kimelegea kichwani. Mkono uliovunjika umelala kando, umepinda mahali pasipo na kiungo. Na uso wake ulikuwa umeinuliwa. Wakati wote ule wa mawe hakuuficha, aliuelekeza juu, moja kwa moja kwenye jicho la kamera, mdomo wazi. Kwa hiyo anayevaa miwani akiinama, wanatazamana. Nilizima kompyuta nikatoka nje nikapiga ukuta ngumi mpaka vidole vikachubuka.

Ukoo ulikuwa umepanga kuchinja mbuzi wa kuondoa chira. Tulikutana mchana kwenye nyumba ya mama mkwe, wanaume wameketi kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, mama mwenyewe kwenye kiti chake na miguu yake juu ya kigoda. Dada alisimama mlangoni. Nikawaambia video ile ilikuwa na kasoro, sasa nimeisafisha, na dada anaomba kila mtu aitazame kabla ya mbuzi.

Shemeji mkubwa alivaa wa kwanza. Aligeuka kushoto na kulia, akajiona, akaguna. Kisha akainama. Alikaa ameinama hivyo, jasho likimtoka shingoni, nami nikangoja, na nakiri kwamba nilitumaini. Akaivua miwani. Uso wake ulikuwa umelegea wote, kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba ule ugonjwa hana.

"Yawa!" akasema, akaanza kucheka. "Kumbe ni yeye tu!"

Akampa mwenzake. Mwenzake naye akainama, akacheka, akamshukuru Mungu kwa sauti. Ikapita mkono kwa mkono. Ni yeye tu. Si marehemu. Hatukumgusa marehemu. Mmoja alisema mbuzi arudishwe zizini basi, na wote wakacheka tena, na chumba kizima kikapumua. Shemeji mkubwa akajifuta macho.

"Sasa tunaweza kuongea mambo ya shamba vizuri," akasema. "Lile jambo la uji bado liko."

Nilimpiga. Nilimpiga palepale alipoketi, ngumi ya mdomo, nikahisi jino lake likiingia kwenye kidole changu. Meza ikapinduka na vikombe vyote. Wakanirukia. Mmoja alinishika miguu, mwingine akanipiga na kigoda cha mama kwenye bega, na mkubwa akainuka damu ikimtiririka kidevuni, akanikaba koo kwa mikono miwili na kunisukuma ukutani. Picha za familia zikadondoka. Sikuwa napata hewa. Nilimwona dada anakuja kwa mkono wake mmoja, na mtu akamsukuma akaanguka.

Ndipo mama akapiga yowe.

Hatukuwa tumemwona. Katika kupokezana miwani, wa mwisho alikuwa amemwekea yeye mapajani, na wakati sisi tunapigana aliivaa. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake katikati ya vurugu yetu bila kuiona. Alikuwa anaona ile nyingine. Na ile miguu yake mizito, ambayo watoto wake humwinulia kwa mikono kumpandisha kitandani, alikuwa ameiinua mwenyewe kutoka sakafuni, yote miwili, inatetemeka hewani.

"Mwondoeni!" akalia. "Mwondoeni chini yangu! Ananiangalia!"

"Mama, ni video," mkubwa akasema, bado amenikaba. "Hiyo ilishapita."

Mama akageuza kichwa polepole, na ile miwani ikasimama. Hakuwa amemwelekea mwanawe alipokuwa sasa. Alikuwa amemwelekea pale alipokuwa siku ile.

"Nakuona," akasema. "Una rungu. Liweke chini."

"Mama..."

"Nilikuwa nimekaa pale, najiona nimekaa. Nilikaa tu. Weka rungu chini!"

Hakuwa na rungu, alikuwa na koo langu. Nilihisi vidole vyake vikifunguka kimoja kimoja, nami nikateremka ukutani nikakaa sakafuni nikikohoa. Mama alikuwa bado ameinua miguu, mapaja yanatetemeka kwa uchovu, machozi yakitoka chini ya miwani na kuingia mdomoni.

"Hii nyumba yake hatoki," akasema. "Mnasikia? Anayetaka kumtoa anitoe mimi kwanza. Anipige mimi."

Dada alijivuta kwa magoti hadi kwenye kiti, juu ya vipande vya vikombe. Akazishika zile nyayo zilizovimba kwa mkono wake mzima.

"Mama, shusha miguu. Utaumia."

"Siwezi, mwanangu. Nitakukanyaga."

"Hunikanyagi. Mimi niko hapa. Hii ndio mimi."

Alizishusha kidogo kidogo hadi zikafika kwenye mapaja ya dada yangu. Mmoja wa vijana wake akanyoosha mkono kumvua miwani, naye akaupiga ule mkono kofi.

"Wacheni nione mpaka mwisho," akasema.

Kwa hiyo tukabaki pale, mimi na mashemeji zangu, damu zikitutoka, tukamngoja amalize.